Safari ni ya Nani?

Kumtoa mzazi matembezini ni miongoni mwa hisani ambazo watoto walioishi ng'ambo kwa miaka mingi huzitamani sana. Nauli ikishapatikana, na likizo ikishakubaliwa kazini, huonekana kana kwamba lililobaki ni kuchagua meli tu. Lakini hisani hii imebeba swali ambalo vitabu vya matangazo ya safari havilijibu: yule anayesafirishwa ana fungu gani katika kuipanga safari yenyewe? Mtu aliyepewa zawadi asiyoweza kuikataa wala kuigeuza, amepewa zawadi au ameamriwa?

Na uchukuliwe mfano wa mzee mmoja wa Unguja, mwenye umri wa miaka 80, ambaye wanawe wawili, mwanamume na mwanamke, wanaishi Copenhagen. Watoto hao wamekusudia kumpandisha meli ya utalii itakayong'oa nanga hukohuko Denmark, ipite katika fiyodi za Norwei, yaani zile ghuba nyembamba zilizopenya baina ya milima, hadi ifike Nordkapp, kwenye jabali lenye kimo cha mita 307 juu ya bahari. Wamechagua mwezi wa Juni, kwa kuwa huko jua halizami tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Wamechagua chumba cha juu, upande wa mbele, chenye roshani. Arubuni wamekwisha kuitoa. Mzee ameambiwa tarehe.

Hakuna dhuluma katika mfano huu. Watoto ni wema na mzee anashukuru. Ila mzee huyu ujanani mwake alikuwa baharia katika meli za mizigo za Ulaya, akipaka mafuta mashine chini kabisa ya meli, na bandari za kaskazini alizijua kwa ubaridi wa vyuma vyake kuliko kwa uzuri wa milima yake. Alipopewa habari ya roshani aliuliza kama hakuna chumba cha chini, katikati ya meli. Watoto wakacheka kwa mapenzi; wakadhani baba anawahurumia fedha zao. Haikuwa huruma. Chombo kinapopigwa na mawimbi hupanda na kushuka zaidi kwenye ncha zake, na huyumba zaidi juu kuliko chini. Mahali panapotulia ni chini, katikati. Mtu mwenye magoti mabovu anauhitaji utulivu huo kabla ya mandhari, na katika familia nzima aliyelijua jambo hilo ni yeye peke yake. Hakuulizwa, kwa sababu wanawe walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa ni mtu wa kutunzwa, na mtu wa kutunzwa hadhaniwi kuwa na ujuzi.

Kaskazini hukohuko, mjini Stockholm, imo katika makumbusho meli iitwayo Vasa. Mfalme Gustav wa Pili Adolf wa Uswidi aliihimiza ijengwe naye akiwa vitani, mbali na gati yake. Kabla haijaondoka, watu 30 waliambiwa wakimbie sitahani kutoka ubavu mmoja hadi wa pili ili kuupima uthabiti wake. Meli iliyumba vibaya hata jaribio likasimamishwa, na pamoja na hayo haikuzuiwa kuondoka. Siku ya tarehe 10 Agosti 1628 ilikwenda kiasi cha mita 1,300 tu, ikapinduka na kuzama mbele ya macho ya watu wa mji. Ilikaa chini ya maji hadi mwaka 1961. Kuwafananisha watoto wema na mfalme mwenye haraka ni kupiga chuku, hapana shaka. Lakini sura ya jambo ni moja: waliokuwa karibu na chombo walijua, na mwenye amri hakuwapo kuwasikiliza.

Ugumu wa Waswahili katika suala hili una mzizi wake katika lugha ya adabu yenyewe. Fasihi ya pwani imejaa sauti ya mzazi akimuusia mwana. Mwana Kupona, mwaka 1858, alimtungia bintiye utendi naye akiwa mgonjwa. Hata ugonjwani mzazi ndiye msemaji, na mwana ndiye msikilizaji. Kinyume chake, mwana akimshauri mzazi, hakina utungo uliozoeleka wala maneno yaliyokwisha kulainishwa na ulimi wa vizazi. Basi siku ambayo mkoba wa fedha unahamia kwa mtoto, mtoto huona haya kusema na huona wepesi kuamua. Huamua kimya kimya, na kimya hicho hukiita heshima. Mzee naye hukumbuka kwamba ukubwa ni jaa, akapokea kila kitupwacho.

Lipo jambo zito kuliko chumba. Daktari aliwaambia watoto kwamba moyo wa baba yao umedhoofika zaidi ya alivyoelezwa mwenyewe. Wakaona bora wasimwambie, wasije wakampunguzia furaha ya safari. Ikaja fomu ya bima. Mwenye pasipoti ya Tanzania anayeomba viza ya nchi za Schengen hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na bima za safari za baharini huuliza kwa mapana zaidi, kwani mgonjwa aliyezidiwa katikati ya safari huenda akateremshwa bandari ya ugenini au akachukuliwa kwa helikopta. Fomu inauliza maradhi. Anayeyaficha huweza kunyimwa malipo siku ya haja. Na mahali pa kutia saini pana jina la mzee. Karatasi ya kampuni isiyomjua wala kumpenda ikawa imemtaka mzee aujue ukweli kuhusu moyo wake, ilhali waliompenda wameuzuia.

Watasema watoto, na wana haki ya kusema, kwamba hatari ya mzazi si ya mzazi peke yake. Atakayekesha pembeni mwa kitanda katika zahanati ya meli ni binti. Atakayeulizwa na ndugu huko Unguja kwa nini alimpeleka mgonjwa kwenye baridi ni yeye vilevile. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani mzee hana haki ya kuwatwisha wanawe hofu ya kila usiku, kisha akaiita uhuru wake. Lakini hoja hiyo inawapa watoto haki ya kumwambia baba yao, usoni pake, kwamba wanaogopa, hata ya kumwambia kwamba hawatampeleka. Haiwapi haki ya kumfanya asijue anachokwenda nacho. Mzazi asiyeweza safari huweza kuhijiwa na mwanawe, na hija hiyo ikawa yake. Matembezi hayana niaba. Asiyeyaonja mwenyewe, kwa macho yake na kwa hiari yake, ametembezewa mwili tu.

Mzee alipoambiwa, alinyamaza siku nzima. Kisha akauliza mambo mawili ambayo hayakuwamo katika mipango ya mtu yeyote.

La kwanza lilikuwa la sala. Mahali ambapo jua halizami, ishaa huswaliwa saa ngapi? Swali hili ni la kale. Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad, alipofika kwa Wabulgari wa mto Volga mwaka 922, alistaajabu kuona usiku mfupi kiasi kwamba mazungumzo ya kungojea ishaa yalifika hadi alfajiri. Wanavyuoni wamelijibu: wapo wasemao watu wakadirie kwa nchi iliyo karibu ambayo usiku na mchana wake hupambanuka, na wapo wakadiriao kwa saa za Makka. Msafiri naye ana rukhsa ya kupunguza na kukusanya sala. Watoto walimletea baba yao majibu haya kwa furaha, wakidhani wameumaliza mjadala. Mzee hakuyapinga. Alisema rukhsa anaijua, na ameitumia sana melini, lakini jua wanalolinunua wao kwa bei kubwa ndilo atakalojifunika shuka la uso apate kulala.

La pili watoto hawakutaka kulisikia. Akifia baharini, atazikwa wapi? Binti alimkatiza kwa dua. Mzee akalirudia, kwa sauti ileile, kama baharia anayeuliza bandari ya karibu ni ipi. Na jibu lipo, wala si la kutisha: meli hizi zina mahali pa kuhifadhi maiti, njia ya Norwei huandama pwani, na Brøndby, pembezoni mwa Copenhagen, pana makaburi ya Waislamu yaliyofunguliwa mwaka 2006. Kaka mtu aliyajua makaburi hayo. Alikwisha kumzika huko rafiki yake. Aliyataja kwa mara ya kwanza mbele ya baba yake, na mzee akaomba jina liandikwe katika karatasi zitakazokaa pamoja na dawa zake, mkobani, si katika sanduku.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Mzee alipendekeza Septemba. Karibu na tarehe 22 au 23 ya mwezi huo usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote, hata Nordkapp, na ishaa huwa na wakati wake. Bahari huchafuka zaidi kuliko Juni. Hilo alilisema mwenyewe, asije akalaumiwa. Arubuni huenda isirudi yote. Binti alikaa usiku huo akaiandikia kampuni barua, akiomba kubadilishiwa mwezi, na chumba cha chini, katikati ya meli, pasipo roshani.