Sarafu Isiyopata Kununua

Sarafu ya majaribio hupigwa ili mtawala aitazame sura yake kabla ya kuagiza nyingi za sokoni. Huenda isinunue hata kibaba kimoja cha chumvi. Lakini wakusanyaji huitafuta kwa gharama kubwa, hasa ikiwa ya kisiwa kidogo, na kadiri ilivyoguswa kidogo ndivyo bei yake inavyopanda. Je, ni haki kitu kiheshimiwe kwa sababu hakikutumika?

Unguja ina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1882 Sultani Barghash bin Said alitoa riali za dhahabu na za fedha, na pesa za shaba zenye picha ya mizani. Riali za dhahabu hazikuwa za majaribio, ila zilipata jaala moja nazo: zilikuwa fahari ya dola, wakazishika wachache. Pesa ya shaba ilishuka sokoni, ikapita mikononi mwa mchuuzi, hamali na mpishi, hata maandishi yake yakafutika. Leo dhahabu hulazwa juu ya mahameli. Shaba iliyochakaa hupatikana kwa bei ndogo.

Mkusanyaji ana hoja ya kusikilizwa. Rupia ya Unguja iliondolewa mwaka 1936, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Pasingekuwa na watunzaji, nani angejua nchi ndogo ilivyotamani kuonekana? Hata hivyo, kutunza ni jambo moja, na kutukuza ni jingine.

Kumsenga, katika nyanda za juu za Kigoma, hakuna bahari wala sultani wa Unguja hakutawala huko. Katika miaka ya 1870 soko la Ujiji lilitumia shanga zilizoitwa sofi. Na Waha walijua thamani ya ng'ombe, ya jembe na ya chumvi ya Uvinza. Jembe halikupata heshima kwa kukaa darini. Na leo auzaye maharage Kumsenga hataki riali, ataka pesa. Jina hilo, lenye asili ya Kihindi, lilisafiri na sarafu ndogo kutoka mkono hata mkono.

Basi dhahabu ilihifadhi uso wake ikakosa sauti. Shaba ilipoteza uso ikapata jina katika kila kinywa. Kadhalika elimu: iliyofungiwa kifuani yaweza kung'aa daima, lakini ni ile inayochakaa kwa kutumikia watu ndiyo inayostahili kupimwa katika mizani.