KUJIPENDA NA KUJIONA



Wako wenye kudhani kuwa mtu hawi mcha Mungu mpaka aichukie nafsi yake. Sivyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amebainisha katika Ihya yake kuwa kitu cha kwanza apendacho kila kiumbe kilicho hai ni nafsi yake. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyotuumba. Na Salman alipomkuta Abu Dardaa amefunga na anataka kukesha kwa sala, hali mkewe ameachwa, alimzuia, akamkumbusha kuwa nafsi yake nayo ina haki juu yake. Mtume (S.A.W.) alipopata habari hiyo alimsadikisha Salman.

Basi mpaka uko wapi? Mtume (S.A.W.) alipokemea kibri, mtu mmoja alimuuliza juu ya yule apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Mwenye kuvaa kanzu safi siku ya Ijumaa, akala vizuri, akasomesha wanawe, ameipenda nafsi yake kwa halali. Lakini akichukia jirani yake kupata mfano wa hayo, au akiambiwa la haki na mnyonge akalikataa, huyo hajipendi tena, anajiona. Na kujiona ndiko kulikomwangamiza Iblisi, alipodai kuwa yeye ni bora kuliko Adam.

Nasi tusijitoe katika maneno haya. Siku moja, katika darasa letu, kijana mchukuzi wa bandarini alitusahihisha neno tulilolikosea katika kusoma. Haki ilikuwa yake. Juu ya hayo tuliona haya mbele ya watu, tukamjibu kwa ukali, na wiki ya pili hakuja. Tulidhani tunailinda heshima ya ilimu, kumbe tulikuwa tukiilinda heshima yetu wenyewe. Tulimwendea nyumbani kwake kumtaka radhi, na njia ile fupi tuliiona ndefu mno. Hapo ndipo tulipojua ukubwa wa maradhi yetu.

Mwenye kuipenda nafsi yake kweli huitakia kuokoka kesho Akhera, wala hataokoka anayeikataa haki kwa sababu ya mdomo ulioitamka. Basi kila mmoja wetu na ajiulize: mara ya mwisho nilipokosolewa, nilimtazama aliyenikosoa au nililitazama kosa langu?

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.