Nani Aonekane Katika Mchango?

Katika makundi ya WhatsApp ya watu wa Mtwara, mchango una utaratibu wake. Ujumbe wa kwanza hueleza tatizo: mzee amelazwa hospitali ya Ligula na anasubiri upasuaji, au mwili uko Dar es Salaam na lazima usafirishwe kuja kuzikwa nyumbani. Ujumbe wa pili hutaja namba ya mweka hazina na jina litakalotokea kwenye simu ukituma, ili pesa isiangukie kwa mtu mwingine. Wa tatu ni orodha. Namba moja ana jina na kiasi, na mbele yake neno "taslimu" au "ahadi". Anayefuata huinakili orodha nzima, huongeza jina lake chini, kisha huirudisha kundini. Kukipambazuka, orodha imefika namba arobaini. Waliokwisha kutuma wana alama ya vema ya kijani. Wa ahadi wako wazi, na kila mtu anawaona.

Kata ya Ziwani, katika wilaya ya Mtwara, iko upande wa pwani inayoelekea mdomo wa Mto Ruvuma. Ni nchi ya korosho, mihogo, nazi na uvuvi. Wana wake wengi hawako Ziwani. Wako Mtwara mjini, Dar es Salaam, Zanzibar, wengine Muscat. Zamani mwenye shida alipelekewa mkono na majirani waliomwona akiumwa. Leo wanaomchangia wengi wanamjua kwa jina tu, na baadhi hawajakanyaga kijijini kwa miaka. Wanachoona ni orodha, na orodha hiyo imezua swali linalowakera wacha Mungu wa dini zote mbili, Waislamu na Wakristo: sadaka inayotangazwa kwa watu mia mbili bado ni sadaka?

Swali si jepesi, kwa sababu mafundisho yanaonekana kuielemea siri. Aya ya 271 ya Sura ya Al-Baqara inaisifu sadaka ya dhahiri, kisha inasema ile inayofichwa na kupewa mafukara ni bora zaidi kwa mtoaji. Wakristo wa Masasi na Ndanda nao wamekua wakisomewa sura ya sita ya Injili ya Mathayo, ambako Yesu anakataza kupiga tarumbeta wakati wa kutoa sadaka na anataka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Ukiipima orodha ya kundini kwa mafundisho hayo peke yake, utaifuta.

Lakini hadithi za Mtume zina tukio jingine, lililosimuliwa na Jarir bin Abdillahi na kuhifadhiwa katika mkusanyo wa Imamu Muslim. Watu wa kabila la Mudhar walifika Madina miguu mitupu, wamejitanda vitambaa vilivyotobolewa katikati, wamechoka kwa ufukara. Mtume alipowaona uso wake ulibadilika. Akahutubia, akawahimiza watu watoe chochote walicho nacho, hata nusu ya tende. Mara Ansari mmoja, mwenyeji wa Madina, akaja na mfuko mzito uliomshinda kuubeba kiganjani. Watu wakamwona. Wakaanza kufuatana, huyu na chakula, yule na nguo, hadi pakawa na marundo mawili, na uso wa Mtume ukang'ara. Hapo ndipo alipofundisha kwamba mwenye kuanzisha jambo jema ana thawabu yake na mfano wa thawabu za wanaomfuata. Ansari yule angeleta mfuko wake usiku kwa siri, wageni wangepata mfuko mmoja.

Mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyaweka mambo haya mawili pamoja katika Ihya Ulum al-Din. Kwanza anahimiza kuficha, kwa kuwa ria, yaani kujionyesha, huingia moyoni bila hodi. Kisha anaruhusu kudhihirisha pale mtoaji anapojua kwamba wengine watamfuata, kwa sharti ailinde nia yake na asimvunjie sitara anayepokea. Wazo hilo linafungua fundo la orodha, kwa maana katika kila mchango mambo matatu yanaweza kuonekana au kufichwa: mtoaji, fedha na mhitaji. Ubishi mwingi wa makundini hutokea kwa sababu yote matatu huchanganywa na kutolewa hukumu moja.

Tuanze na mtoaji. Jina lake kuonekana kuna manufaa ya kweli, kama ilivyokuwa Madina: orodha yenye majina manne hulala, yenye majina ishirini hujiendesha. Kinachodhuru ni kiasi kilichoandikwa pembeni. Aliyeandika laki moja ananong'onezewa kwamba anajionyesha, na mwenye buku mbili anasita hata kuanza, akihofia kuchekwa na watu. Masimulizi yanayoambatana na aya ya 79 ya Sura ya At-Tawba yanaeleza hali hiyohiyo. Sahaba Abu Aqil alileta nusu pishi ya tende, wanafiki wakasema Mungu hana haja na kidogo hicho. Mwingine alileta kingi, wakasema huyo ni mwenye ria. Kejeli iliwafuata wote wawili, na aya iliwalaumu waliokejeli. Katika Injili ya Marko, Yesu aliketi kulielekea sanduku la sadaka akitazama watu wakitia, na aliyemsifu ni mjane wa sarafu mbili. Yapo makundi yaliyokwisha kupata dawa: majina yanaandikwa, viasi vinabaki kwa mweka hazina, na jumla inatangazwa kila jioni. Mwenye elfu moja na mwenye laki wanakaa mstari mmoja. Utaratibu huo unastahili kuigwa Ziwani na kwingineko, kwa sababu unahifadhi hamasa ya kufuatana na unamwondolea maskini aibu ya kutoa kidogo.

Kenya inaonyesha mtoaji akionekana kupita kiasi kunakuwaje. Harambee, yaani mchango wa hadharani, ilijenga shule nyingi vijijini, lakini jukwaa lake likawa mahali pa wanasiasa kupunga mabunda ya noti. Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ililazimika kuwawekea mipaka. Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee, baada ya vijana walioandamana kuhoji fedha hizo hutoka wapi. Majuma hayohayo, vijana wenyewe walikuwa wakichangiana kwa simu. Mwanahabari Hanifa Adan alihimiza mchango kupitia jukwaa la M-Changa kwa ajili ya majeruhi na mazishi ya waliouawa katika maandamano, zikapatikana zaidi ya shilingi milioni 30 za Kenya kwa siku chache. Maswali ya matumizi yalipozuka, hesabu ilitolewa hadharani. Jukwaani alionekana mtoaji. Kwenye simu zilionekana fedha.

Na fedha hazina sababu yoyote ya kufichwa. Hapa mafundisho ya siri hayahusiki kabisa, kwa kuwa siri inayosifiwa ni ya mtu na tendo lake mwenyewe. Mweka hazina anashika tendo la watu wengine. Paulo alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho kwamba Tito atafuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu juu ya mali ile. Yeye mwenyewe alikuwa mtume, na bado hakutaka fedha zipite mikononi mwa mtu mmoja.

Tanzania ilijifunza hilo kwa uchungu baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lililoua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Michango ilimiminika kutoka nchi nzima. Baadaye ukazuka mjadala mkali: wengi walitoa wakiwaza nyumba za waathirika, serikali ikasema haitamjengea kila mtu nyumba na ikaelekeza fedha kwenye shule na huduma nyingine za umma. Huenda kila upande ulikuwa na hoja. Lakini aliyetuma elfu tano yake kwa simu alistahili kuambiwa kabla hajatuma zinakwenda kujenga nini.

Kwenye kundi la kijiji jambo hili linawezekana kwa urahisi kuliko taifani. Picha ya risiti inatosha. Hospitali za serikali hutoa namba ya malipo (control number) ya kulipia bili, na mchango unaweza kwenda moja kwa moja bila kulala kwenye simu ya mtu. Na wachangiaji wenyewe wana adabu yao ya fedha kamili: wanatuma "na ya kutolea", yaani wanaongeza ada ya wakala ili elfu kumi imfikie mhusika ikiwa elfu kumi. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, ikifikia hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa kabla ya kupunguzwa, wengi waliobeba michango ya misiba waliihisi, na wapo walioendelea kuweka na ya kutolea vilevile. Hakuna aliyewaamuru. Huo ni ukarimu wa ndani kabisa, maana ada hiyo haiandikwi kwenye orodha yoyote.

Anabaki mhitaji, na hapa ndipo makundi yetu hukosea zaidi. Ili watu waguswe, inatumwa picha ya mgonjwa akiwa kitandani, mrija puani, kanga imeteleza, kidonda wazi. Picha inapita kutoka kundi hadi kundi, inafika kwa wasiomjua na wasiotoa kitu, na inabaki kwenye simu zao baada ya yeye kupona au kuzikwa. Mama huyo akipona atarudi sokoni kuuza pweza mbele ya watu waliomwona hivyo. Sharti la Al-Ghazali la kulinda sitara liliandikwa wakati ambapo aibu ya mhitaji iliishia mtaani kwake. Leo haiishii popote, na hivyo sharti limezidi uzito. Kama uthibitisho unahitajika, viongozi wawili watatu wa kundi waone karatasi za hospitali na wathibitishe kwa majina yao. Mgonjwa asilipe matibabu kwa heshima yake.

Liko pia swali la yule ambaye hana wa kumpelekea habari kundini. Orodha humsaidia mwenye ndugu wengi na marafiki wenye simu. Mjane mgeni kijijini, asiye na mtoto Dar es Salaam, anaweza kuumwa na kundi lisijue. Zaka iliwekewa mafungu manane ya wanaostahili ili haki isitegemee ukoo, lakini Ziwani zaka ina ugumu wake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani hii, mazao ya zaka ni vyakula vikuu vinavyowekeka, pamoja na tende na zabibu. Korosho haimo, ingawa Imamu Abu Hanifa, wa madhehebu mengine, aliyaona mazao ya ardhi yote yana haki ya maskini. Fedha ya korosho ina zaka ya asilimia 2.5 ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kukaa mwaka mzima. Kwa wakulima wengi haikai. Inaingia benki baada ya mnada, inalipa madeni ya shamba, ada za shule na mabati, imekwisha. Ndiyo maana sadaka ya hiari, na orodha ya simu iliyo chombo chake, inabeba hapa mzigo mkubwa kuliko ilivyokusudiwa.

Wasio na mtu kundini wako pia ng'ambo ya Ruvuma. Jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, limekuwa vitani tangu Oktoba 2017, na Machi 2021 mji wa Palma ulipovamiwa, walikimbia watu wanaosema Kimakonde na Kimwani, wenye wajomba na shangazi upande wetu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitarajiwa kuipiga Mtwara, watu wakahamishwa pwani, kikageukia kwao. Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala iliyochapishwa mwaka 1972, aliandika, akiwafikiria wakimbizi wa Bengali, kwamba umbali hauwezi kuupunguza wajibu wa kumwokoa mtu. Kwa mtu wa Ziwani hata umbali wenyewe haupo. Kundi linalochangia harusi ya mwanachama kwa siku tatu halikosi nafasi ya namba moja kwa ajili ya mtu asiye mwanachama.

Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi aliyefia Misri mwaka 1204, alizipanga sadaka katika daraja nane, na ya juu kabisa aliiweka kwenye msaada unaomwezesha mtu asihitaji tena kuomba. Daraja hiyo iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kaya ya watu wasiozidi sita ilikatiwa bima ya afya kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, watu 300 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja msimu wa minada ya korosho, zinapatikana 600,000, sawa na bima ya kaya 20. Majina ya kaya hizo yanaweza kupendekezwa na imamu, mchungaji na mwenyekiti wa kijiji wakiwa pamoja, yakabaki kwao. Kundini itumwe jumla, risiti na idadi ya kaya. Minada kwa kawaida huanza Oktoba; kamati ya watu watatu inaweza kuchaguliwa Septemba.