Mtamba Ameshtakiwa na Nani?

Wazee wangu wa Fafi, Ijara na Balambala, nawauliza: huyu mtamba anayeburutwa leo kwenye soko la mifugo la Garissa ameshtakiwa na nani? Mnasema ni tasa. Misimu miwili amepandwa, misimu miwili hakushika mimba. Basi anauzwa kwa mchinjaji, na fahali aliyempanda anabaki malishoni, nundu imesimama, shingo nene, anavuma. Shahidi yuko wapi? Mnajua kwamba kumtuhumu mke wa mtu bila mashahidi ni dhambi kubwa. Mbona kwa mnyama ulimi umekuwa mwepesi hivi?

Fahali mmoja mnampa majike 25. Jike mmoja akiwa tasa, umekosa ndama mmoja. Fahali akiwa dhaifu, umekosa zizi zima! Nasi tuliohesabu mizoga katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mvua ikitunyima, tuna ndama gani wa kuchezea?

Fahali mnamchagua kwa nundu, kwa rangi, kwa nasaba ya mama yake. Nasaba ni jambo jema, sikatai. Lakini uzazi haukai kwenye nundu. Umo ndani ya manii, na manii si mbegu peke yake: ni mbegu pamoja na maji yanayoibeba, na katika maji hayo mna protini. Baadhi yake hung'ang'ania ngozi ya mbegu na kuiandaa kwa kazi. Mbegu isiyo nazo yaweza kuogelea vizuri, ikafika kwenye yai, ikakwama pale, kama mgeni asiyejua kupiga hodi. Miaka ya 1990, Roy Ax na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, waliwachunguza fahali wa nyama wanaopanda wenyewe malishoni, kama hawa wetu. Wale ambao mbegu zao zilibeba protini za aina hiyo, zinazoshika kemikali iitwayo heparini, walitia mimba majike wengi zaidi kuliko waliozikosa. Sikieni hilo! Tofauti ya ndama na zizi tupu, na jicho la mfugaji hodari haliioni.

Sisemi mkatafute maabara ya protini. Anzeni na utepe wa fundi cherehani: pimeni mzunguko wa korodani, maana korodani ndogo ina mbegu chache. Kisha daktari wa mifugo aweke manii chini ya hadubini. Katika kila mbegu 100, angalau 30 ziende mbele na 70 ziwe na umbo kamili. Apime na damu, fahali na majike, kwa ajili ya brusela inayotoa mimba. (Na maziwa mabichi ya jike mwenye brusela, akina mama, huweza kuwaletea watoto wenu homa isiyoisha. Chemsheni!)

Tena msingoje mawingu. Mbegu ya fahali huchukua siku zipatazo 60 kutengenezwa. Njaa au homa ya leo yaweza kuonekana kwenye manii hata miezi miwili baadaye. Mvua za Gu zikitarajiwa Aprili, fahali apimwe Januari, apewe malisho na maji, arudiwe kupimwa Machi. Akishindwa mara zote mbili, mhasini, mnenepesheni, naye apande lori la Nairobi mahali pa mtamba yule.