Faida Ndogo Si Hasara

Andiko: 1 Timotheo 4:7-8

Wiki hii nataka tuongee juu ya kitu ambacho hatukihubiri sana madhabahuni: mwili. Na nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Zaburi ya 90 inahesabu umri wa mtu kuwa miaka sabini. Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hiyo hesabu hunijia haraka. Nusu ya sabini ni thelathini na mitano. Mimi nina thelathini na minane. Nusu nimeshaivuka, na niliivuka nikiwa na kitambi. Mnajua kinavyokuja. Pasta akitembelea nyumba nne kwa siku, ni chai nne na chapati zake, na kukataa ni kumvunjia mwenye nyumba heshima. Na kutoka nyumba moja hadi nyingine ni boda boda.

Aprili tuliwapeleka vijana wetu wa Wote kule Kitui, kwenye jiwe la Nzambani. Hadithi ya wazee mnaijua, eti ukilizunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanamume. Vijana wakasema sisi tunazunguka Yeriko tu. Tukacheka. Lakini tulipoanza kupanda zile ngazi za chuma, kicheko changu kiliisha mapema. Katikati nikashika chuma, nikajifanya natazama mandhari. Msichana mmoja akaniuliza, "Pasta, tukuombee?" Wala hakuwa anatania.

Wiki hiyo nikapimwa presha. Ilikuwa juu. Daktari akasema nianze kutembea, arudi kunipima baada ya muda. Nikaanza kwa woga tu, kama mtu anayelipa deni. Wiki ya kwanza nilihesabu kila dakika. Lakini kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nakimbia, na kusema ukweli, nilikuwa napenda. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, barabara ya murram bado ina baridi ya usiku, pumzi inaingia na kutoka, na mwili ambao nilidhani umeshazeeka unaitika. Vijana wanaita tizi. Mimi nilikosa jina la furaha ile.

Hapo ndipo dhamiri ilipoanza kuniuliza. Je, mtumishi wa Mungu anaruhusiwa kupenda kitu kama hiki? Mpendwa mmoja aliniambia waziwazi kwamba mazoezi ni mambo ya dunia. Mwingine akasema mbio ni za watu wa Iten na Eldoret. Huyo wa pili nilimjibu upesi: bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni, mwaka 1992, alikuwa Benson Masya, mzaliwa wa Kitui. Na Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Mkamba na mbio si wageni.

Wa kwanza alinipa kazi. Nikarudi kwa Paulo. Anamwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, na utauwa una faida katika mambo yote. Wengi tunasoma pale kana kwamba ameandika "hasara". Hakuandika hivyo. Mwenye duka yeyote wa Wote atakuambia kwamba faida ndogo si hasara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Wiki ina dakika 10,080. Hiyo ni kama asilimia moja na nusu. Hata fungu la kumi hatujalikaribia! Na mwili huu si mali yangu, umenunuliwa kwa bei. Mimi ni meneja tu. Meneja anayeiacha mali ya mwenyewe ioze hawezi kujitetea kwamba alikuwa anaomba.

Basi nikadhani nimemaliza hesabu. Sikuwa nimemaliza.

Mwezi wa Septemba, kiangazi kimekolea, nilikutana na mama mmoja barabarani. Mtungi wa lita ishirini mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, ameinama. Lita ishirini za maji ni kilo ishirini. Mimi nakuja na raba mpya, mikono mitupu. Akanisalimia, akauliza, "Pasta, unakimbia nini? Kuna mtu amefariki?" Nikasema, "Hapana, Mama. Ni mazoezi tu." Akasema, "Haya," akaendelea na safari. Nilijaribu kukimbia tena, miguu ikakataa. Mama yangu mzazi alibeba hivyo hivyo miaka yote ya utoto wangu, na hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi.

Nikajiuliza: kumwaga nguvu bure kwenye barabara ambayo mwenzangu anazihitaji ili apate maji ya kupika, si dhambi hiyo? Nilipima majibu mawili. La kwanza, niache kukimbia. Lakini mtungi wake hautapungua hata kikombe kimoja kwa sababu mimi nimelala. La pili, nimshukuru Mungu kwa baraka zangu, niendelee. Hilo ni rahisi mno, na Lazaro mlangoni pa tajiri anatuonya.

Jibu lilikuja Oktoba, nyumbani kwetu Kitui. Watu walikuwa kwenye mwethya, wanajenga bwawa la mchanga. Mnajua kazi yake: ukuta wa mawe na saruji unakatiza mto wa msimu, mvua inaleta mchanga, na maji yanabaki ndani ya mchanga hata jua likiwaka. Tangu miaka ya 1990, SASOL na vikundi vya wananchi wamejenga mabwawa mengi ya namna hiyo Kitui. Mwaka uliotangulia nilihudhuria mwethya nikiwa chini ya mti, nimeshika daftari la majina. Safari hii nilibeba mawe mpaka saa saba mchana. Mzee mmoja akanitazama akasema, "Leo Pasta amekuja." Nilikuwa nimekuja mwaka jana pia, wapendwa. Ila mwaka jana ilikuja suti.

Sitawadanganya kwamba sasa nakimbia kwa ajili ya bwawa. Nakimbia kwa sababu napenda, na sidhani Mungu amechukia. Daudi alipocheza mbele ya sanduku la agano hakuwa anateka maji. Lakini nguvu niliyopata lazima ionekane mahali pengine zaidi ya kwenye mkanda wangu wa suruali. Na siku tizi ikinifanya nichelewe maombi ya asubuhi au nisipokee simu ya mgonjwa, basi kile kidogo kimekula kile kikubwa, na Paulo alishaniambia kipi ni kipi.

Wiki hii, kama afya inakuruhusu, iache boda boda mara moja, utembee. Halafu jiulize: mbali na mimi, nani mwingine atajua kwamba nimepata nguvu? Ukikosa jibu, mama wa mtungi bado yuko barabarani. Muulize yeye.

Tuombe: Bwana, asante kwa pumzi na kwa miguu. Tufundishe kuifurahia, na utuonyeshe mzigo wa kubeba. Amina.