Mvutaji na Nia Yake

Kila Ramadhani, katika miji ya mwambao na kokote wanakofunga Waislamu, hutokea jambo ambalo tumelizoea mno hata hatuoni ajabu yake. Mtu anayemaliza pakiti nzima kwa siku, ambaye miezi mingine hawezi kunywa kahawa bila kuwasha, anakula daku, ananuia, kisha anakaa saa kumi na tatu na zaidi bila kuvuta hata pafu moja. Hakufungiwa ndani wala hana mtu wa kumlinda. Kioski kiko pale pale njiani, sigara zinauzwa moja moja, kiberiti cha gesi kinaning'inia dirishani kwa kamba kama siku zote. Anapita. Jioni, mwadhini akianza tu, anatia tende kinywani, anapiga mafunda mawili ya maji, na mkono umeshaingia mfukoni kabla uji haujamiminwa. Mtu huyo huyo, ukimuuliza Mfunguo Mosi, yaani Shawwal, kwa nini asiache kabisa, atakujibu kwa unyofu kwamba hawezi. Hadanganyi. Swali linalonishughulisha ni hili: huyu asiyeweza ni nani, ikiwa juzi tu aliweza siku thelathini mfululizo?

Tuna majibu mawili ya haraka. Jibu la kwanza husikika mimbarini na majumbani: imani yake ni haba, au hana msimamo, angemwogopa Mungu Shawwal kama alivyomwogopa Ramadhani, angeacha. Jibu la pili hutoka hospitali: ameshikwa na nikotini, na mwili ukishazoea kitu hauna habari na mawaidha. Kila moja lina chembe ya kweli, lakini hakuna hata moja linaloweza kumweleza mvutaji aliyefunga. Kama tatizo ni imani, kufunga kwake kunashuhudia kwamba anayo. Kama ni nikotini peke yake, basi saumu yake isingefika adhuhuri. Nikotini iliyomo mwilini hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo jua linapokuwa utosini damu yake imeshaishiwa nayo kwa sehemu kubwa, na alasiri ilipaswa kuwa saa ya kushindwa. Anaumwa kichwa, ndiyo. Anakuwa mkali kwa watoto, na watu wanasema saumu imempanda. Lakini havuti.

Wala haiwezi kusemwa kwamba anayevuta hajui madhara. Socrates alishikilia kwamba hakuna atendaye ubaya kwa kujua. Tukosapo, tumekosa elimu. Mvutaji wa leo anamkanusha kila anapofungua pakiti yenye onyo juu yake. Aristotle alikuwa karibu zaidi na ukweli alipokubali kwamba mtu anaweza kujua lililo jema, akalitaka, kisha akatenda kinyume. Na Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, alilalamikia hali hiyo hiyo kwa uchungu wa mtu anayeifahamu. Hofu nayo haitoshi. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku tumbaku katika dola ya Uthmaniya na adhabu yake ikawa kifo, na bado watu walivuta. Katika karne hiyo hiyo wanazuoni wa Kairo walibishana kama tumbaku ni halali au haramu. Al-Laqani aliipinga, al-Ujhuri akaitetea, na mabishano hayajaisha. Siingii katika hukumu hiyo hapa. Anayetaka kuacha ameshajihukumia mwenyewe, na kinachomsumbua ni kwamba hukumu yake haishiki.

Nadhani jibu linaanza kuonekana tukiiangalia hamu yenyewe inavyokwenda kwa saa. Mwaka 2005 Reuven Dar na wenzake nchini Israeli walichapisha utafiti juu ya Wayahudi washika dini wanaovuta sigara, ambao siku ya Sabato hawawashi moto na kwa hiyo hawavuti tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Watu hao hao waliombwa wasivute katika siku moja ya kazi, hamu yao ikapimwa siku zote mbili. Siku ya kazi iliwatesa zaidi. Asubuhi ya Sabato, wakiwa wamekaa bila sigara usiku mzima, hamu ilikuwa ndogo. Ikapanda kadiri Sabato ilivyokaribia kwisha. Mwaka 2010 mtafiti huyo alichapisha utafiti mwingine, wa wahudumu wa ndege wanaovuta. Katika safari fupi za saa chache na katika safari ndefu za saa kumi hadi kumi na tatu, hamu ilipanda kuelekea mwisho wa safari, na ile ya saa za mwisho za safari fupi ilizidi ile ya muda huo huo katika safari ndefu, ingawa nikotini mwilini ilikuwa imepungua sawasawa. Waliopimwa walikuwa wachache, na sitaki kujenga ghorofa juu yao. Hata hivyo wanasema kile ambacho kila nyumba yenye mvutaji aliyefunga inakijua: hamu huhesabu saa zilizobaki kabla ya ruhusa kuliko inavyohesabu saa zilizopita tangu sigara ya mwisho.

Kutoka hapo ndipo ninapopata hoja yangu. Kinachomshinda anayeacha katika siku zile za mwanzo si ukubwa wa hamu. Kinachomshinda ni kwamba kwake shauri bado halijakatwa. Kila hamu inapokuja inakuja kama mdai aliyekata rufaa, na inakuja na mawakili: leo nimegombana kazini; moja haiui; nitaacha vizuri Jumatatu; babu alivuta na alifika miaka tisini. Akikubali kuwasikiliza, hata kwa nia ya kuwajibu, ameshaifungua kesi, na kesi inayosikilizwa mara ishirini kwa siku, mbele ya hakimu mwenye arosto, haihitaji kushinda mara ishirini. Inatosha ishinde mara moja. Mwenye saumu hana kesi. Hakai saa tisa alasiri akijiuliza kama avute au asivute. Shauri lilikwisha tangu alfajiri. Hamu ikija haimkuti hakimu barazani, na hamu isiyopata wa kubishana naye, kwa kawaida, hupita baada ya dakika chache. Mwanafalsafa Richard Holton, katika kitabu chake cha mwaka 2009, ameonyesha kwamba kishawishi huigeuza hukumu ya mtu kabla hakijaigeuza mikono yake: pale pale sigara inapokuwa karibu, mtu huona kwa dhati kwamba kuvuta ndiyo busara. Ndiyo maana ushauri wa kumwambia afikirie faida na hasara kila hamu inapomjia ni ushauri mbaya, japo unatolewa kwa upendo. Saa ile si ya kufikiri. Fikra zimeshanunuliwa.

Msomaji makini atanishika hapa. Atasema mwenye saumu anavumilia kwa sababu magharibi inakuja. Aliyeacha hana magharibi, na kumlinganisha na aliyefunga ni kumdhulumu. Pingamizi hili ni zito, lakini naona linaniunga mkono zaidi ya linavyonipinga. Tazama tena Sabato na ndege: ni magharibi yenyewe inayoichochea hamu. Anayeacha kwa kupunguza, leo kumi, kesho nane, amejiwekea magharibi kadhaa kwa siku, na anaishi katika dakika zile ngumu kabla ya adhana mchana kutwa. Mwaka 2016 Nicola Lindson-Hawley na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa wavutaji 697: nusu waliacha kwa mkupuo siku waliyoipanga, nusu walipunguza kwa wiki mbili kwanza. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya walioacha kwa mkupuo walikuwa hawavuti, na asilimia 39 tu ya waliopunguza. Inabaki kweli kwamba neno milele ni zito, na linaweza kumvunja mtu kabla hajaanza. Lakini hapa fikihi ya mwambao, ambayo kwa wengi ni ya Kishafii, ina hekima yake: nia ya saumu ya faradhi huwekwa kila usiku, kwa ajili ya siku inayofuata. Je, huko si kuifungua kesi upya kila siku? Ndiyo, lakini inafunguliwa usiku, mtu akiwa ametulia, na hakimu ndiye anayeiita. Haifunguliwi na hamu, katikati ya mchana, kwa saa inayoichagua yenyewe.

Kuna wanaoona aibu ya kutumia dawa. Wanasema anayebandika plasta ya nikotini au kutafuna bigijii yake amebadilisha bwana tu, na kwamba azma ya kweli haihitaji duka la dawa. Naliona dai hili kuwa la kikatili, na halina mizizi katika dini inayolitaja. Hakuna aliyesema kwamba saumu ya aliyekula daku ni pungufu kuliko ya aliyelala na njaa. Daku ni sunna, na mwenye kuiacha kwa kujionyesha ujasiri hasifiwi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaeleza katika sehemu ya kitabu chake cha Ihya inayohusu kuilea nafsi kwamba asiyeweza kuachishwa tabia mbaya kwa mara moja ahamishwe kwenye nyingine iliyo nyepesi zaidi, kisha aendelee kutoka hapo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza nikotini ya tiba katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mapitio makubwa ya tafiti yanaonyesha inaongeza uwezekano wa kufaulu kwa asilimia 50 hadi 60. Mwili una madai ya haki: hasira, kutotulia, usingizi wa kukatika katika, mambo ambayo huwa makali zaidi siku ya pili na ya tatu na kufifia ndani ya wiki mbili hadi nne. Dawa hunyamazisha madai hayo ili nia isipigwe kelele. Haiiondoi kazi ya nia.

Pingamizi linalonipa taabu zaidi ni jingine. Labda tunamsifia mvutaji aliyefunga kwa nguvu isiyo yake. Ramadhani mtaa mzima umefunga: mikahawa imeshusha mapazia, barazani hakuna anayewasha, hakuna rafiki anayechomoa pakiti na kumsogezea mwenzake kwa ukarimu. Mfunguo Mosi yote hayo yanarudi kwa siku moja. Ni kweli, na naikubali yote. Nicholas Christakis na James Fowler, waliofuatilia watu zaidi ya elfu kumi na mbili wa Framingham, Marekani, kati ya mwaka 1971 na 2003, waligundua kwamba watu huacha sigara kwa makundi makundi, na kwamba mwenzi wa ndoa akiacha, uwezekano wa yule mwingine kuvuta hushuka kwa asilimia 67. Nia, basi, si mali ya mtu mmoja kifuani mwake kama wahubiri wengi na wanafalsafa wengi wanavyopenda kuieleza. Sehemu yake imehifadhiwa na jirani. Nikikubali hivyo, lazima nikubali na linalofuata: anayemwambia aliyeacha juzi "chukua moja tu, usijitie usufii" amechangia kuanguka kwake, na hana haki ya kusema baadaye kwamba mwenzake hana msimamo. Naye shehe au padri anayetaka kumsaidia atafanya zaidi akiwasemesha wale wanaokaa naye jioni kuliko akimwongezea mawaidha yeye.

Linabaki suala la anayeteleza, na wengi huteleza. Kwa wanaojaribu bila msaada wowote, tafiti zinaonyesha kwamba wengi wao hurudi ndani ya siku nane za mwanzo. Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyechunguza namna watu wanavyorudia uraibu, aliona kwamba sigara ile moja mara nyingi haidhuru kama fikra inayoifuata: nimeshaharibu, sasa potelea mbali. Mtu anamaliza pakiti kwa sababu ya pafu tatu, na analiita hilo ushahidi wa jinsi alivyo. Fikihi ya saumu inaijua hali hii na haimpi mtu mwanya huo. Aliyefungua mchana wa Ramadhani kwa makusudi, bila udhuru, haambiwi kwamba siku imekwisha na aendelee kula. Anatakiwa ajizuie hadi magharibi kama waliofunga, atubie, na siku hiyo ailipe baadaye. Nia ya kesho anaiweka usiku ule ule. Kosa lake halikupunguzwa hata kidogo, ila halikuruhusiwa kuwa sababu ya kosa la pili. Aliyevuta moja saa nane mchana, siku ya nne tangu aache, anaweza kuizima ikiwa nusu, na wajibu wake wa saa tisa uko vile vile ulivyokuwa saa saba.