Haya ya Mwenye Kujifunza Lugha

Katika mambo yote ayafanyayo mtu mzima kwa hiari yake, ni machache yanayomshusha cheo kama kujifunza kusema lugha ngeni. Awe mwalimu, hakimu au tajiri, siku anapofungua kinywa kunena lugha asiyoizoea huwa mfano wa mtoto wa miaka miwili. Hutaka maji akakosa neno la maji. Hutaka kushukuru akasalimu. Na mzaha uliokuwa tayari moyoni mwake hufa kabla haujafika mdomoni. Kwa sababu hiyo watu wengi huzijua lugha kwa macho wasizijue kwa ulimi. Husoma vitabu, hukariri maneno, hufaulu mitihani, lakini wakikutana na mwenye lugha hunyamaza. Wakiulizwa sababu hujibu kuwa wangoja mpaka waijue vema ndipo waiseme. Insha hii yataka kuipima haya hiyo. Je, ni fadhila au ni kasoro? Adabu ni kunyamaza mpaka ulimi utimie, au adabu ni kusema ungali na makosa?

Nitalipima swali hili kwa lugha ya Kihispania, maana katika lugha kubwa za Ulaya sioni nyingine inayomwondolea msemaji wa Kiswahili udhuru kama hiyo. Ni lugha ya Uhispania, ya nchi 18 za Amerika kutoka Meksiko mpaka Chile na Ajentina, na ya nchi moja ya Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968. Ni moja katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Wala haiko mbali nasi kama tunavyodhani: mwaka 2018 madaktari wapatao 100 kutoka Kuba waliwasili Kenya kufanya kazi katika hospitali za kaunti, na Kihispania ndicho kilichokuwa lugha yao ya nyumbani.

Tuanze na matamshi. Irabu za Kihispania ni tano kama zetu, nazo hutamkwa takriban kama zetu, pasipo kugeuka-geuka. Herufi ñ ni ny ya nyota. Herufi j ni kh ya kheri, kama wanavyoitamka watu wafuatao asili ya Kiarabu. Herufi z katika sehemu kubwa ya Uhispania ni th ya thamani, na katika Amerika ni s. Herufi h huandikwa lakini haitamkwi, na b na v ni sauti moja. Kitendo hubeba nafsi ndani yake: sisi husema "nasema" bila ya kutaja "mimi", nao husema "hablo" bila ya kutaja "yo". Mtu aliyelelewa katika ngeli nyingi za Kiswahili hawezi kutishwa na lugha yenye jinsi mbili tu za majina, ijapokuwa atastaajabu kuona mkono, "la mano", ni wa kike, na tatizo, "el problema", ni la kiume. Mkazo nao, neno likiishia kwa irabu, n au s, kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Na pale unapoiacha kanuni, alama huandikwa. Alama hiyo si pambo. "Hablo" ni nasema, "habló" ni alisema: mkazo ukihama, mtu na wakati huhama pamoja nao. Kadhalika r moja na r mbili si sawa, kwani "pero" ni lakini, na "perro" ni mbwa.

Ama maneno, mengine ni ndugu wa maneno yetu waliopotezana zamani. Waarabu na Waislamu wa Afrika ya Kaskazini waliingia Uhispania mwaka 711, na dola ya mwisho ya Waislamu huko, Granada, ilianguka mwaka 1492. Kwa karne hizo nyingi Kiarabu kiliacha mbegu katika Kihispania kama kilivyoziacha katika pwani yetu. Sukari ni "azúcar", zeituni ni "aceituna", zafarani ni "azafrán", fulani ni "fulano". Neno letu "hata" na neno lao "hasta" asili yao ni moja, na hata matumizi yao yamefanana: yote mawili huweza kutaja mpaka wa jambo, na yote mawili huweza kutilia nguvu, kama tusemapo kuwa hata watoto wanajua. Na maneno tuliyopewa na Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, yana jamaa zao vilevile: meza ni "mesa", bendera ni "bandera", mvinyo ni "vino". Lakini undugu si usawa. "Alcalde" lilitokana na neno lile lile lililotupa kadhi, lakini huko ni mkuu wa mji. "Mezquino" limetoka palipotoka maskini, lakini Mhispania akilisema ana maana ya bahili. Asiyejua hili aweza kumhurumia mtu kwa neno la kumtukana.

Basi ikiwa sauti si ngeni, na sarufi si ya kutisha, na maneno kadhaa ni ya ukoo, ni nini kinachofunga kinywa? Ni dhahiri kuwa kizuizi hakiko ulimini. Kiko moyoni, na jina lake ni haya.

Lakini haya ni za namna mbili, na aghalabu huvaa nguo moja. Iko haya itokanayo na heshima: mtu huona kuwa lugha ni mali ya watu, yenye wenyewe, na si halali kuikanyaga ovyo. Iko na haya itokanayo na kiburi: mtu huona kuwa yeye ni mkubwa mno asipate kuonekana mdogo. Kipimo cha kuzitambua ni matendo yake. Haya ya heshima humsukuma mtu kujifunza zaidi, kuuliza na kusahihishwa. Haya ya kiburi humsukuma kunyamaza, na kunyamaza huko hukiita adabu. Ya kwanza humwogopea mwenye lugha asiudhike. Ya pili hujiogopea yenyewe isichekwe.

Huenda mtu akapinga, na pingamizi lake si dogo. Atasema: sisi wenyewe hatupendi kusikia Kiswahili kikivunjwa. Walowezi wa Kenya walikuwa na Kiswahili chao kilichoitwa Kisetla, kilichojaa amri na kukosa upatanisho, na wenye lugha walikichukia. Kwa nini basi tuwafanyie wengine tusilopenda kufanyiwa? Najibu kuwa katika Kisetla kosa la sarufi lilikuwa dogo kuliko kosa la moyo. Mtu alikaa miaka thelathini katika nchi, akajifunza maneno ya kuita, ya kutuma na ya kufukuza, asijifunze neno la kuuliza hali. Hakukosea kwa sababu ya kuanza, bali kwa sababu ya kutotaka kuendelea. Mwanafunzi na mdharau waweza kutamka kosa lile lile kwa siku moja. Lakini kosa la mwanafunzi ni la safari, na kosa la mdharau ni la makazi. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini kwa yule anayetafuta njia.

Tarehe ya Kihispania chenyewe yatuonyesha lugha ikitumiwa pasipo unyenyekevu. Mwaka 1492 Antonio de Nebrija alimtungia Malkia Isabel sarufi ya lugha hiyo, na katika dibaji yake aliitaja lugha kuwa mwenzi wa dola. Mwaka 1513 ikaandikwa hati iliyoitwa Requerimiento, iliyowataka wenyeji wa Amerika waitii Kanisa na wafalme wa Uhispania, wasipokubali wapigwe vita na watiwe utumwani, na lawama iwe juu yao wenyewe. Hati hiyo ilisomwa kwa Kihispania mbele ya watu wasiokijua, mara nyingi pasipo mkalimani wa kufaa. Itazame hali hiyo, ndugu msomaji. Msomaji wa hati hakukosea hata neno moja. Sarufi yake ilikuwa safi, matamshi yake yalikuwa ya kwao, na bado maneno yale yalikuwa dhuluma, kwa kuwa mzigo wote wa kutofahamiana aliwatwika wasikilizaji.

Inca Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cuzco mwaka 1539 kwa baba Mhispania na mama wa ukoo wa watawala wa Inka, asimulia katika kitabu chake cha mwaka 1609 jinsi nchi ya Peru ilivyopata jina. Mabaharia walimkamata mwenyeji mmoja aliyekuwa akivua samaki mlangoni mwa mto, wakamwuliza nchi ile yaitwaje. Hakufahamu. Akataja jina lake mwenyewe, Berú, na akaongeza neno la mto. Wao wakayachanganya, wakaenda zao wakiamini kuwa wamejibiwa. Iwapo asili ya jina ndiyo hiyo au siyo, kisa chenyewe kina fundisho: mtu asiyejua kuwa hajafahamu ni wa hatari kuliko mtu asiyefahamu.

Hapa ndipo ninapopata jawabu langu. Watu wawili wa lugha mbali wakikutana, kutofahamiana ni mzigo ambao hauna budi kubebwa na mmoja wao au wote wawili. Mwenye kunyamaza kwa haya huuacha chini, na mazungumzo hufa. Mwenye nguvu aliyekataa kujifunza huutupa juu ya mwenziwe. Mwanafunzi anayesema kwa kigugumizi huuinua na kuuweka juu ya kichwa chake mwenyewe: hukubali kuonekana mdogo ili mwenziwe apate kuwa mwenyeji katika lugha yake. Kitendo hicho si upungufu wa heshima. Ni heshima yenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ikiwa hivyo ndivyo, namna ya kuanza yatakiwa ilingane na adili hilo. Kwanza, mwanafunzi na ajifunze maneno ya kukiri kabla ya maneno ya kujigamba. "No entiendo", sifahamu, "más despacio, por favor", polepole tafadhali, "¿cómo se dice?", husemwaje? Kuitikia kwa kichwa jambo usilolifahamu ni uongo, hata kama ulimi haukusema neno. Na mbele ya daktari au hakimu uongo huo waweza kugharimu uhai au haki. Pili, na aanze na "usted", neno la heshima lililotokana na maneno ya kumtukuza msemeshwa, asije na "tú" la mazoea mpaka mwenyeji amkaribishe. Tatu, na aseme sentensi fupi anazozimudu, kwa sauti, kila siku, badala ya kungoja sentensi ndefu isiyokuja. Maneno machache yaliyozoewa na ulimi yashinda mengi yaliyolala daftarini.

Nne, na avumilie tofauti ya "ser" na "estar", ambapo Kihispania huugawa uwamo wa vitu sehemu mbili. "Ser" hueleza kitu ni nini. "Estar" hueleza kiko wapi na kimo katika hali gani. "Es aburrido", yeye ni mtu wa kuchosha wengine. "Está aburrido", yeye mwenyewe amechoshwa. Wala asidhani kuwa la kwanza ni la mambo ya kudumu na la pili ni la mambo ya kupita, kwani maiti naye husemwa kwa "estar". Lakini na afurahi kuwa mtu asemapo kuwa yumo katika kujifunza husema "estoy aprendiendo", kwa "estar". Lugha yenyewe imemwambia kuwa kutojua kwake ni hali aliyomo, si kitu alicho.

Yasalia haki ya mwanafunzi juu ya msikilizaji. Katika sehemu ya pili ya Don Quijote, iliyotoka mwaka 1615, Cervantes amchora Sancho Panza, mtu wa shamba anayeharibu maneno, akimwomba bwana wake asimsahihishe maadamu amefahamu makusudi yake. Ombi hilo ni la haki. Lakini kurasa chache kabla ya hapo Sancho huyo huyo alimkatiza mkewe Teresa ili amsahihishe neno moja alilolikosea. Nyani haoni kundule. Aliyesahihishwa kwa ukali aghalabu hupata faraja kwa kumsahihisha aliye chini yake, na hivyo fedheha hushuka ngazi kwa ngazi, wala hakuna aongezaye elimu. Anayesikiliza lugha yake ikikosewa na ayapokee kwanza makusudi, kisha, akiombwa, alitengeneze neno. Hadai deni hapo. Yeye ndiye aliyeletewa zawadi, japo imefungwa vibaya.

Haya, basi, na ibaki, maana mtu asiye na haya kabisa hataijua lugha wala watu wake. Lakini na iwe haya ya kukosea pasipo kujali, isiwe haya ya kukosea pasipo kukusudia. Anayengoja kusema mpaka asikosee hataikosea lugha ya mwenziwe hata mara moja, wala hatamjibu mwenziwe salamu.